Kichaa cha mbwa Afrika Mashariki: Jibu liko uani, si kwenye sumu

Mwaka 2030 ndio uliowekwa na Shirika la Afya Duniani na washirika wake kuwa ukomo wa vifo vya binadamu vinavyotokana na mbwa wenye kichaa. Lengo hilo lilipotangazwa mwaka 2015 lilionekana kuwa mbali. Sasa miaka iliyobaki inahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki mtoto aliyeumwa na mbwa bado huweza kufa kifo kilekile alichokufa babu yake.

Makadirio ya kimataifa yanasema ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, takriban wote katika Asia na Afrika. Serikali ya Kenya imekuwa ikikadiria vifo 2,000 kwa mwaka nchini humo, na kwa Tanzania watafiti hutaja vifo 1,500 hivi. Hayo ni makadirio kwa sababu wagonjwa wengi hawafiki hospitali, au hufika na kurudishwa nyumbani wakafie huko, kwa kuwa dalili zikishajitokeza hakuna tiba. Kati ya kuumwa na kuugua hupita wiki kadhaa, mara nyingi miezi miwili au mitatu. Kidonda kimekwisha kupona, mbwa amekwisha kusahauliwa, kisha siku moja mtoto anashindwa kumeza maji.

Kinachofanya jambo hili liwe gumu kusamehewa ni kwamba kinga ipo. Louis Pasteur alimchanja mtu wa kwanza aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa mwaka 1885. Chanjo ya mbwa ni ya bei nafuu, hutolewa kwa sindano moja, na mbwa ndiye chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu. Ni nadra kupata ugonjwa mwingine wa kuua ambao mlango wake unajulikana kwa uhakika kiasi hicho. Swali lililobaki ni nani aufunge mlango huo.

Sumu na risasi

Kwa muda mrefu jibu la mamlaka za miji na wilaya katika kanda hii limekuwa kuua. Mbwa mwenye kichaa akiuma watu watatu sokoni, hasira hupanda, wananchi hudai hatua, na baada ya siku chache nyama yenye sumu hutupwa vichochoroni usiku. Sheria za kichaa cha mbwa zilizorithiwa kutoka enzi za ukoloni zinaruhusu jambo hilo: ofisa huweza kuamuru mbwa wote wafungwe katika eneo fulani, na wanaoonekana wakizurura waangamizwe. Asubuhi mizoga huzolewa, picha hupigwa, na mji huonekana kuwa umechukua hatua.

Tatizo ni kwamba hatua hiyo haizuii ugonjwa. Kisiwa cha Bali nchini Indonesia kilitoa somo kubwa kuhusu jambo hili. Kichaa cha mbwa kilipoingia huko mwaka 2008, mamlaka ziliua makumi ya maelfu ya mbwa, na ugonjwa ukaendelea kusambaa kutoka wilaya moja hadi nyingine. Ulianza kurudi nyuma pale tu chanjo ya kisiwa kizima ilipoanza mwaka 2010.

Sababu zake si fumbo. Mbwa wanaoonekana mitaani katika Afrika Mashariki, wale wanaoitwa mbwa koko, kwa sehemu kubwa si mbwa wasio na wenyewe. Tafiti za nyumba kwa nyumba zimeonyesha mara kwa mara kwamba wengi wao wana kwao: kuna ua wanakolala, kuna mtoto anayewaita kwa jina, na kuna sufuria wanayosubiri ikwanguliwe. Huzurura kwa sababu hakuna ua uliozungushiwa wala chakula cha kutosha. Kwa hiyo sumu huua pia mbwa wa jirani, na mara nyingine mbwa aliyechanjwa mwezi uliopita. Mwenye mbwa huyo hatakaa bila mlinzi. Atatafuta mtoto wa mbwa kijiji cha pili, atamleta kwa bodaboda, na mbwa huyo mpya hatakuwa na kinga yoyote. Pengine ataleta virusi vyenyewe.

Nchini Rwanda kuuawa kwa mbwa kuna historia nyingine kabisa. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, askari walipiga risasi mbwa wengi waliokuwa wamegeukia maiti. Ni haki kukumbuka hayo kabla ya kuwashangaa watu ambao hadi leo hawataki kumwona mbwa uani kwao. Hata hivyo, hilo lilikuwa jibu la msiba wa taifa, na haliwezi kugeuzwa kuwa kielelezo cha kupambana na kichaa cha mbwa.

Hesabu ya asilimia 70

Wataalamu hutaja kiwango kimoja: mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, na kazi hiyo ikirudiwa kila mwaka, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Virusi hivi havienei kwa kasi ya surua. Kwa wastani mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza mbwa wengine wasiofika wawili kabla hajafa. Akikutana na waliochanjwa, mnyororo hukatika.

Katika wilaya ya Serengeti, Tanzania, kampeni za chanjo zilianza katikati ya miaka ya 1990. Baada ya kampeni ya kwanza mbwa wanaougua walipungua kwa asilimia 70, na baada ya ya pili kwa asilimia 97. Watu waliofika vituo vya afya wakiwa wameumwa nao walipungua. Huko Pemba chanjo iliuondoa ugonjwa mwaka 2014. Mwaka 2016, baada ya ulinzi kulegea, ukarudi kwa njia ya bahari, na ikabidi kuchanja upya hadi ulipokoma mwaka 2018. Malawi nayo ilichukua hatua kubwa mwaka 2015. Hospitali kuu ya Blantyre ilikuwa imeripoti vifo vya watoto kutokana na kichaa cha mbwa kwa idadi iliyozidi ya hospitali nyingine yoyote barani. Zaidi ya mbwa 35,000 walichanjwa jijini humo ndani ya siku 20, kwa vituo vya muda na kwa kupita nyumba kwa nyumba, na shuleni watoto wakafundishwa namna ya kujihadhari.

Lakini asilimia 70 ina adui ambaye hazungumzwi sana, naye ni kifo cha mbwa mwenyewe. Mbwa wa kijijini barani Afrika huishi kwa wastani miaka miwili au mitatu tu. Hufa kwa njaa, kwa minyoo, kwa magonjwa ya utotoni, kwa kugongwa na magari, kwa mawe na kwa sumu. Kila aliyechanjwa anapokufa, kinga ya kijiji hupungua kwa mbwa mmoja, na kila kizazi kipya kinapozaliwa bila mpango, hupungua tena. Wilaya iliyofikia asilimia 70 mwezi Machi huweza kuwa chini ya asilimia 50 kabla ya Machi nyingine. Serikali hujikuta ikijaza maji kwenye pakacha.

Hapa ndipo ustawi wa mbwa unapoacha kuwa anasa ya watu wa mjini wenye mbwa wa kigeni. Mbwa anayelishwa, anayepewa dawa ya minyoo na anayeishi miaka minane ni ukuta uliojengwa mara moja ukadumu. Mbwa wanne wanaopokezana ua mmoja katika miaka hiyo hiyo minane, kila mmoja akifa kabla hajapata chanjo ya pili, ni ukuta unaobomoka kila msimu. Kwa hesabu ya afya ya jamii tu, bila kuingiza huruma hata chembe, mbwa anayetunzwa ana thamani kubwa kuliko mbwa aliyeuawa.

Mbwa wa nani?

Ugumu uko kwenye neno kumiliki. Katika nyumba nyingi mbwa alikuja mwenyewe au aliletwa na mtoto. Analinda mbuzi, anabweka usiku, anafuata wachungaji, lakini hakuna anayesema kwa kinywa kipana kwamba ni wake. Siku anapomuuma mpita njia, hata yule aliyekuwa akimrushia makombo humkana. Ana sababu. Kumkubali mbwa ni kukubali kulipa sindano za aliyeumwa, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba matibabu hayo hugharimu wastani wa dola 108, bila kuhesabu nauli na siku za kazi zilizopotea. Kwa mkulima mdogo hiyo ni bei ya mbuzi kadhaa.

Kwa hiyo sheria inayomkabili mmiliki kwa faini na ada za leseni peke yake huzaa kinyume cha ilichokusudia: wamiliki hupungua, mbwa hubaki walewale. Huu ndio udhaifu mkubwa wa kanuni nyingi za manispaa katika kanda. Zinaanza na adhabu kabla ya kumpa mwananchi faida yoyote ya kujitambulisha.

Hasara ya mbwa asiye na mwenyewe huonekana wazi baada ya mtu kuumwa. Mwongozo wa tiba unasema mbwa aliyeuma, kama yu mzima na anaweza kushikwa salama, afungwe na kuangaliwa kwa siku 10. Akimaliza siku hizo akiwa mzima, hakuwa na virusi mateni alipouma, na sindano zilizobaki zinaweza kusitishwa kwa ushauri wa daktari. Lakini mbwa huyo kwa kawaida hupigwa mawe papo hapo na kuzikwa, au hutoroka kwa kuwa hakuna anayekubali kumfunga. Ushahidi wote umepotea. Familia ya aliyeumwa hulazimika kununua dozi zote, na ikishindwa, hubaki ikisubiri na kuomba Mungu. Mmiliki anayejulikana, mwenye cheti cha chanjo mkononi, huweza kuiondolea familia nyingine gharama hiyo.

Katika jamii za Waislamu, pwani na kwingineko, suala hili lina upande wake. Wafuasi wa madhehebu ya Shafii humhesabu mbwa kuwa najisi, na wengi husita kumgusa au kumfuga ndani. Lakini sheria hiyohiyo ya dini inaruhusu mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda, na mapokeo yanajua kisa cha mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha mbwa aliyekuwa akihema kwa kiu. Unajisi ni hukumu ya tohara. Haukuwa kamwe ruhusa ya kumtesa. Pemba, ambako karibu wakazi wote ni Waislamu, imeonyesha kwamba mbwa huweza kuchanjwa kwa wingi bila mtu yeyote kulazimishwa kubadili anavyojitwaharisha. Pengine kikwazo kikubwa zaidi ni lugha yenyewe. Katika Kiswahili, kumwita mtu mbwa ni tusi la mwisho, na ni vigumu kudai haki kwa jina la tusi.

Mnyororo mfupi

Kinachohitajika kwa mbwa si kingi. Maji safi kila siku, kwa kuwa mbwa hatoi jasho kama binadamu na hupoza mwili kwa kuhema. Kivuli. Chakula cha kutosha: ugali uliochanganywa na dagaa au mabaki ya nyama humfaa, lakini mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha na huweza kumtoboa utumbo. Dawa ya minyoo, dawa ya kupe na viroboto, na chanjo. Kuhasiwa au kufungwa uzazi pale huduma hiyo inapopatikana, maana mbwa jike mmoja huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka.

Kinachokosewa zaidi mijini ni mnyororo. Watu wengi huamini kwamba mbwa akifungwa mchana kutwa kwenye kamba ya mita moja atakuwa mkali na mlinzi bora. Anakuwa mkali, ndiyo, lakini ukali wake ni wa woga, na woga hauchagui mwizi. Mbwa aliyefungwa hana pa kukimbilia, hivyo kila anayemkaribia humwona kuwa hatari, na anayemkaribia mara nyingi ni mtoto wa nyumba hiyo anayefuata mpira. Karibu asilimia 40 ya wanaoumwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto walio chini ya miaka 15. Kwa kimo chao huumwa usoni na kichwani, karibu na ubongo, ambako virusi havina safari ndefu. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na Kenya na Uganda zina sheria za zamani zaidi za kuzuia ukatili kwa wanyama. Mbwa wa kamba ya mita moja ni mmoja wa viumbe ambao sheria hizo hazijawafikia.

Uzembe katika utunzaji hulipwa pia kwa njia nyingine. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ilijulikana kwa miongo kadhaa kuwa miongoni mwa maeneo yenye wagonjwa wengi zaidi duniani wa uvimbe wa maji kwenye ini, unaosababishwa na tegu wa mbwa waliokula matumbo ya mifugo iliyochinjwa. Na mwaka 1994 takriban thuluthi moja ya simba wa Serengeti walikufa kwa virusi vya distempa, ambavyo watafiti wanaamini vilitoka kwa mbwa wa vijiji vilivyopakana na hifadhi. Nchi inayojivunia utalii wa simba ina kila sababu ya kuwajali mbwa wa wafugaji.

Upo pia mfano wa kufurahisha, kutoka Gulu, kaskazini mwa Uganda. Huko Francis Okello Oloya, aliyepoteza uwezo wa kuona utotoni kutokana na mlipuko wa masalia ya vita, alianzisha mpango wa kuwakutanisha manusura wa vita vya waasi wa LRA na mbwa walioachwa mitaani. Manusura hujifunza kwa miezi kadhaa kumlea na kumfundisha mbwa, na mbwa huchanjwa na kufungwa uzazi. Watu waliokuwa hawalali usiku kwa majinamizi wamepata wa kulala mlangoni pao. Shirika linaloendesha mpango huo, The BIG FIX Uganda, ndilo pia linalopeleka chanjo vijijini, na si ajabu kazi hizo mbili kuwa chini ya paa moja.

Nani alipe

Mmiliki akiwajibika, bado kuna sehemu isiyo yake. Jijini N'Djamena, Chad, wenye mbwa walipotakiwa kulipia chanjo, ni takriban robo tu ya mbwa waliochanjwa. Chanjo ilipotolewa bure jijini humo mwaka 2012 na 2013, kiwango cha asilimia 70 kilifikiwa na maambukizi yakakatika kwa muda. Umbali nao huamua: kituo kikiwa kilomita kadhaa kutoka nyumbani, wengi hawafiki, kwa sababu anayetumwa kumpeleka mbwa ni mtoto wa miaka 10, na mbwa hajawahi kuvaa kamba. Watoto hao wa mbwa walio chini ya miezi mitatu huachwa nyumbani kwa dhana kwamba ni wachanga mno, ilhali utafiti umeonyesha kuwa wanaweza kuchanjwa kwa usalama. Wao ndio sehemu kubwa ya mbwa wanaokosa kinga kila mwaka.

Mkoa wa Mara, Tanzania, umejaribu njia nyingine. Ilikwisha kuthibitishwa kwamba aina moja ya chanjo inayotumika sana hubaki na nguvu hata ikikaa miezi mitatu kwenye joto la nyuzi 30, kwa hiyo haihitaji jokofu kila wakati. Watafiti wakatengeneza chombo cha kupozea kinachofanya kazi kama mtungi wa maji, kwa udongo na mvuke, bila umeme. Chanjo ikahifadhiwa kijijini, mikononi mwa watu waliofundishwa hapohapo, na mbwa mpya akachanjwa alipozaliwa au alipoletwa badala ya kusubiri gari la wilaya mara moja kwa mwaka. Kinga ya kijiji ikadumu kwa usawa zaidi katika miezi yote.

Kwa upande wa binadamu, mlango mmoja ulifunguliwa mwaka 2024, pale shirika la Gavi lilipoanza kupokea maombi ya nchi maskini zinazotaka msaada wa chanjo kwa walioumwa. Hadi sindano zifike kila zahanati, kinga ya kwanza inabaki kuwa sabuni na maji yanayotiririka: kidonda kioshwe kwa dakika 15 mfululizo, bila pilipili, bila asidi ya betri, bila majani ya kusaga, kisha safari ya hospitali ianze siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni mkwaruzo tu.

Msaada huo wa Gavi hauhusu chanjo ya mbwa. Fedha za mbwa hutafutwa katika bajeti za wizara za mifugo, ambako mbwa, asiyetoa maziwa wala ngozi wala nyama ya kuuza nje, hushindana na ng'ombe. Vifo anavyosababisha huhesabiwa katika wizara nyingine, ile ya afya.